Nimonia ya fangasi kwa mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka: uombe kipimo gani cha damu?

Mgonjwa anapumua kwa shida, na oksijeni inashuka akienda chooni tu. GeneXpert ya makohozi, kipimo cha kifua kikuu (TB), imerudi hasi. Antibayotiki ameshapewa, zikabadilishwa, na homa ipo palepale. Kinga yake iko chini: pengine kwa VVU, pengine kwa dawa za saratani, pengine kwa vidonge anavyomeza ili mwili usiikatae figo aliyopandikizwa. Hapo ndipo mtu mmoja kwenye raundi ya asubuhi hutamka neno fangasi.

Njia ya uhakika ya kujua ni kupitisha mpira wenye kamera hadi mapafuni, kuosha sehemu yenye ugonjwa na kupima maji yake, au kunyofoa kipande cha nyama. Lakini mgonjwa wa namna hii mara nyingi hana pumzi ya kuvumilia zoezi hilo, na hospitali zenye kifaa na mtaalamu wake ni za kuhesabu. Ndiyo maana watu hukimbilia damu.

Shida ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoitwa kipimo cha fangasi. Viko vinne vya kuzungumzwa kwa uzito: antijeni ya kriptokoka, ambayo maabara zote huiita CrAg, beta-D-glukani (kwa kifupi beta-glukani), galaktomanani, na PCR, inayotafuta vinasaba vya fangasi mwenyewe. Makala hii ni kwa madaktari na matabibu waliosimama mbele ya fomu ya maabara wasijue waweke alama wapi, kwa wataalamu wa maabara wanaoulizwa waagize vitendanishi gani, na kwa ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa alipie kipimo ambacho hajawahi kukisikia.

Vigezo nilivyotumia

Kuuliza kipi ni kikali kuliko vingine hakusaidii, kwa sababu kila kimoja kinatafuta kitu chake. Nimevipima kwa maswali matano: kinanasa fangasi yupi na kinampita yupi, jibu hasi lina uzito gani na jibu chanya lina uzito gani, ni vitu gani vinakidanganya, kinapatikana wapi na jibu linarudi baada ya muda gani, na jibu likishatoka, dawa inabadilika? Swali la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kipimo ambacho jibu lake halimgusi mgonjwa, liwe hasi au chanya, ni hela iliyotoka mfukoni mwa familia bure.

Kinanasa nani, kinampita nani

CrAg inatafuta sukari za ganda linalomzunguka Cryptococcus, na karibu hakuna kingine. Fangasi huyu huvutwa kwa pumzi, hukaa mapafuni, kisha kinga ikiporomoka husambaa na kupanda hadi kwenye ubongo. Utafiti uliofanyika Entebbe na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta antijeni hiyo ikionekana damuni siku 22 hivi kabla ya dalili za homa ya uti wa mgongo kuanza. Kwa hiyo anayeitafuta kwa sababu ya kikohozi anaweza akauwahi ugonjwa wa ubongo ambao mgonjwa mwenyewe bado hajausikia. Lakini fangasi wengine wa mapafu, kama Pneumocystis na Aspergillus, CrAg inawapita bila kuwaona.

Beta-glukani iko kinyume kabisa. Hii ni sukari ya ukuta wa seli ambayo fangasi wengi wanayo: Pneumocystis, Candida, Aspergillus, Fusarium, hata Histoplasma. Kipimo kinakuambia kuna fangasi, hakikuambii ni yupi. Na wapo wawili kinaowakosa, nao ni wa hatari: kundi la Mucorales halina sukari hiyo ya kutosha kupimika, na Cryptococcus hutoa kidogo mno. Mahali ambapo beta-glukani inang'ara ni kwa Pneumocystis, kwa kuwa fangasi huyo haoteshwi kwenye maabara ya kawaida na wingi wake mapafuni huwa mkubwa sana.

Jambo moja husahaulika hapa. Candida akiingia kwenye damu, kwa mfano kupitia mpira uliokaa muda mrefu kwenye mshipa mkubwa, beta-glukani hupanda vilevile. Candida ni nadra kusababisha nimonia. Hivyo mgonjwa wa ICU mwenye mapafu mabaya na beta-glukani ya juu anaweza kuwa na matatizo mawili yasiyohusiana, la mapafuni na la kwenye mpira.

Galaktomanani ni ya Aspergillus. Hunasa pia Histoplasma na Fusarium kwa kuwa sukari zao zinafanana, lakini Pneumocystis na Mucorales hawamo kabisa.

PCR hunasa yule tu uliyemwekea mtego. Ya Aspergillus ipo, ya Mucorales ipo, ya Pneumocystis ipo pia, ila hii ya mwisho hufanya vizuri kwenye maji ya mapafu kuliko kwenye damu, maana Pneumocystis hukaa ndani ya vifuko vya hewa na hapendi kusafiri. Kwa Mucorales ndiko PCR ya damu haina mpinzani. Wakati wa wimbi la UVIKO-19 la mwaka 2021 nchini India, maelfu ya wagonjwa, wengi wao wenye kisukari na waliopewa steroidi, walipatwa na fangasi hawa. Hao ni watu ambao galaktomanani na beta-glukani zao zingerudi hasi huku ugonjwa ukiwala.

Uzito wa hasi na uzito wa chanya

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi hutokea.

Chukua beta-glukani kwa Pneumocystis. Kwa wenye VVU hunasa takriban wagonjwa 94 kati ya 100. Kwa wasio na VVU, takriban 86. Tofauti hiyo ina sababu: mwenye VVU huwa na fangasi wengi mno mapafuni, ilhali aliyepandikizwa figo au anayetumia steroidi huwa na wachache wanaosababisha madhara makubwa. Upande wa kutowasingizia wasio na ugonjwa, kipimo kiko karibu 80 kati ya 100.

Sasa tufanye hesabu kwa kurahisisha: kinanasa 90 kwa 100, na kinawasafisha 80 kwa 100 wasio na ugonjwa. Una wagonjwa 100 wa wodi ya kawaida, na 10 tu ndio wenye Pneumocystis kweli. Kipimo kitawanasa 9 na kumkosa 1. Kati ya wale 90 wasio nao, kitawasingizia 18. Majibu chanya ni 27, na ya kweli ni 9: theluthi moja. Majibu hasi ni 73, na aliyepotea humo ni 1 tu. Hasi hapa ni ya kuaminika sana, chanya ni ya kutiliwa shaka.

Badilisha wagonjwa. Safari hii 100 wote wana VVU, CD4 (chembe za kinga) chini ya 200, hawanywi septrini ya kinga, kikohozi kikavu cha wiki kadhaa, eksirei yenye ukungu pande zote mbili. Tuseme 40 wanao. Kipimo kinawanasa 36, kinawakosa 4, kinawasingizia 12. Chanya sasa ni 48, na 36 kati yao ni za kweli. Ile chanya iliyokuwa dhaifu imepata nguvu, na hasi imelegea kidogo: watu 4 kati ya 52 walioambiwa hawana, wanao. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni nani ameletwa.

Kwenye kipimo cha beta-glukani kiitwacho Fungitell, namba ya kukata, yaani ambayo kuanzia hapo jibu ni chanya, ni pikogramu 80 kwa mililita. Chini ya 60 ni hasi, na kati ya 60 na 79 ni eneo la shaka linalodai sampuli nyingine. Kipimo cha kampuni ya Wako kina namba ndogo zaidi kwa kuwa kimetengenezwa tofauti, kwa hiyo usilinganishe namba za maabara mbili kabla ya kuuliza zinatumia kipimo gani. Vigezo vya kimataifa vya utambuzi wa fangasi vya makundi ya watafiti ya EORTC/MSGERC vya mwaka 2020 vinataka beta-glukani ya 80 au zaidi kwenye sampuli mbili au zaidi zinazofuatana, ndipo ihesabiwe kama ushahidi wa Pneumocystis.

Galaktomanani inategemea chembe nyeupe za neutrofili. Zikiisha, kama kwa mgonjwa wa saratani ya damu katikati ya matibabu, Aspergillus hupenya mishipa ya damu na sukari yake hutiririka. Kipimo kikikatwa kwenye namba 0.5 hunasa takriban 78 kati ya 100. Neutrofili zikiwepo, kama kwa aliyepandikizwa figo au anayetumia steroidi, antijeni husafishwa kabla ya kufika kwenye bomba la sampuli, na kipimo cha damu hukosa wagonjwa wengi kuliko kinaowanasa. Kwa watu hao maji ya mapafu ni bora zaidi. Vigezo vilevile vya 2020 vinataka namba 1.0 kwa sampuli moja ya damu, au 0.7 ya damu ikiambatana na 0.8 ya maji ya mapafu.

CrAg haina maneno mengi. Kwa mwenye VVU ambaye kriptokoka amesambaa mwilini mwake hunasa zaidi ya 95 kati ya 100, na husingizia kwa nadra. Tahadhari ni kwa asiye na VVU mwenye uvimbe mmoja tu kwenye pafu: fangasi hajasambaa, na damu inaweza kuwa hasi huku ugonjwa upo.

PCR ya Aspergillus jibu lake moja chanya halitoshi. Vigezo vinataka mara mbili mfululizo. Ikirudi hasi mara kwa mara kwa mgonjwa anayefuatiliwa, hapo inatuliza kweli. PCR ya Mucorales, kwenye utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2022, ilinasa takriban 85 kati ya 100, na wengi iliwaonyesha siku kadhaa kabla ya utambuzi wa kawaida.

Vitu vinavyovidanganya

Beta-glukani ndiyo inayodanganyika kirahisi kuliko zote, kwa kuwa sukari hii iko kila mahali. Iko kwenye pamba. Iko kwenye gozi za upasuaji, hivyo mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji jana na kidonda kimepakiwa gozi anaweza kuonekana ana fangasi. Mashine za kusafisha damu zenye chujio la selulosi huipandisha. Dawa za kingamwili zinazotiwa kwenye mshipa huipandisha, na albumini pia. Bakteria wa Gram-hasi wakiwa damuni, nayo hupanda wakati mwingine. Hata maabara yenyewe inaweza kuichafua sampuli: mabomba yanatakiwa yawe yaliyothibitishwa hayana glukani, na fundi akikaa karibu na pamba iliyo wazi wakati anamimina sampuli, jibu linaweza kubadilika. Kwa mgonjwa wa mashine ya figo, mimi beta-glukani chanya siipi uzito mpaka nijue chujio ni la aina gani.

Galaktomanani zamani ilisumbuliwa na antibayotiki ya piperasilini-tazobaktamu. Siku hizi tatizo hilo limepungua sana. Baadhi ya maji ya dripu yenye glukoneti bado huipandisha. Kinachoiumiza zaidi ni upande wa pili: mgonjwa aliye kwenye dawa ya kinga dhidi ya Aspergillus, kama posakonazoli, fangasi wake huwa amedhoofishwa na antijeni haionekani. Kumpima mtu huyo kila wiki bila dalili yoyote ni kutafuta chanya za uongo.

CrAg hudanganywa na fangasi nadra aitwaye Trichosporon. Pia antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi, mstari wa jibu unaweza kufifia au kupotea kabisa. Mgonjwa akiwa na dalili zote na jibu ni hasi, iambie maabara irudie kwa kuzimua sampuli. Na kwa aliyewahi kutibiwa, CrAg hubaki chanya miezi mingi, kwa hiyo haikuambii kama ugonjwa umerudi.

PCR adui wake ni uchafuzi. Mbegu za Aspergillus zinaelea hewani kwenye chumba chochote, cha maabara kikiwemo.

Mahali, muda na gharama

Hapa CrAg inaviacha vingine mbali. Unadondosha tone moja la kimiminika cha kuzimulia kwenye kijibomba, unaongeza mikrolita 40 za seramu au plazma, unatumbukiza kijiti, unasubiri dakika 10. Mstari mmoja ni hasi, miwili ni chanya, kama kipimo cha haraka cha malaria. Mstari hafifu nao ni chanya. Wapo wanaoupuuza kwa kuwa haukuwa mwekundu wa kutosha, na hilo ni kosa. Hakihitaji mashine ya kusomea jibu, bei yake ni dola chache, na kituo cha afya chenye mtu aliyefundishwa kinaweza kukifanya.

Beta-glukani hutumia mfumo wa kuganda kwa damu ya Limulus, kaa wa baharini mwenye gamba lenye umbo la kwato ya farasi, ukasomwa kwa mashine. Kitendanishi ni ghali, na toleo la kawaida hufanyika kwa sahani yenye visima vingi, hivyo maabara hungoja sampuli zikusanyike. Mahali pengi Afrika Mashariki sampuli italazimika kusafiri, na jibu linaporudi baada ya siku kadhaa mgonjwa ameshaamuliwa kwa njia nyingine. Lipo toleo la sampuli moja moja, lakini nalo linataka mashine yake.

Galaktomanani ya ELISA, inayosomwa kwa mashine, ina tatizo hilohilo la kungoja kundi la sampuli. Kwa bahati, vijiti vya haraka vya Aspergillus vimeshatengenezwa na hutoa jibu ndani ya saa moja hivi, ingawa sampuli lazima ichemshwe na kuzungushwa kwanza. Kwa hospitali inayohudumia saratani ya damu hicho ndicho ningekifikiria kabla ya ELISA. PCR inahitaji maabara ya molekuli na watu waliozoea kudhibiti uchafuzi. Mashine ya GeneXpert kuwepo hospitalini hakumaanishi PCR ya fangasi ipo.

Jibu limetoka, dawa inabadilika?

CrAg chanya hubadilisha kila kitu siku hiyohiyo. Mgonjwa anachomwa sindano ya uti wa mgongo hata kama kichwa hakimuumi. Akikutwa na ugonjwa kwenye ubongo anaanza amfoterisini B na dawa zinazoambatana nayo, na akiwa safi huko anapewa flukonazoli. Utafiti wa REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa 2015, uliwapima CrAg watu wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza dawa za VVU, ukaongeza na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Sivijui vipimo vingi vya bei hiyo vyenye ushahidi wa namna hiyo kwenye ardhi yetu.

Beta-glukani mchango wake mkubwa ni kukuruhusu kuacha. Mgonjwa wa Pneumocystis anayeshukiwa huanzishwa septrini ya dozi kubwa kwa siku 21, na prednisoloni ikiwa oksijeni iko chini. Dozi hiyo si ya mchezo: vipele, potasiamu kupanda, chembe za damu kushuka. Beta-glukani ikirudi hasi kwa mwenye VVU ambaye hata dalili zake hazikuendana vizuri na Pneumocystis, unaweza kuiondoa kwa amani. Na kwa kuwa sukari hii hushuka polepole sana, kuanza septrini kabla ya kuchukua damu hakuharibu jibu. Ubaya wa upolepole huo ni kwamba haifai kufuatilia kama mgonjwa anapona.

Galaktomanani chanya pamoja na CT skani inayoendana nayo inatosha kuanza vorikonazoli, na hii inafuatilika: namba ikishuka ni dalili njema. PCR ya Mucorales ikiwa chanya, vorikonazoli haina kazi hapo. Ni amfoterisini na daktari wa upasuaji kuitwa mapema.

Wanaosimama pembeni

LDH, kimeng'enya kinachovuja damuni seli zinapoharibika, ni rahisi kupima na ipo karibu kila hospitali ya mkoa. Kwa Pneumocystis hupanda, na ikiwa ya kawaida kabisa shaka hupungua. Lakini hupanda pia kwa kifua kikuu, limfoma, malaria na chembe nyekundu zinapopasuka, na hata sampuli iliyotikiswa vibaya huipandisha. CRP na prokalsitonini, vipimo vya damu vya kuonyesha maambukizi, hazitofautishi fangasi na bakteria kwa kiwango cha kuamulia dawa.

Histoplasma anastahili kutajwa kwa sauti kubwa kuliko anavyotajwa. Mwaka 1960 ilichapishwa taarifa ya kumpata fangasi huyu kwenye mapango ya Amboni, Tanga, yenye popo wengi, na baadaye utafiti wa Moshi uliwakuta wagonjwa wake miongoni mwa waliolazwa kwa homa. Ugonjwa wake hufanana na kifua kikuu kiasi kwamba wengi humalizia dozi ya TB bila nafuu. Antijeni yake hupimwa kwenye mkojo au damu, na mkojo ni bora kidogo. Kwa mwenye UKIMWI, galaktomanani chanya isikufanye umkimbilie Aspergillus kabla ya kumfikiria huyu.

Kingamwili aina ya IgG dhidi ya Aspergillus ni habari nyingine: ni kwa mtu aliyepona TB akabaki na tundu pafuni, anakohoa damu miezi mingi. Watafiti waliofanya kazi Gulu, Uganda, waliwakuta watu kama hao. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka, mwili hauna nguvu ya kutengeneza kingamwili za kutosha, na kipimo hicho hakimfai.

Kwa hali yako

*Mtu mzima mwenye VVU, CD4 chini ya 200 au haijulikani.* CrAg leo, pamoja na GeneXpert na LAM ya mkojo kwa ajili ya TB. Kumbuka CrAg chanya haiondoi TB. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili. Akiwa na oksijeni ya chini na ukungu pande zote mbili, septrini ianze sasa. Beta-glukani, kama ipo karibu, itakuja kusema kama uendelee.

*Mtoto mchanga wa miezi michache aliyezaliwa na mama mwenye VVU, anapumua kwa kasi na oksijeni iko chini.* Umri wa miezi mitatu hadi sita ndio kilele cha Pneumocystis. Usingoje kipimo chochote cha damu.

*Mgonjwa wa saratani ya damu, neutrofili zimeisha.* Kama hayuko kwenye dawa ya kinga dhidi ya Aspergillus, galaktomanani mara mbili kwa wiki ina maana. Kama yuko nayo, ipime pale tu homa au CT skani inapokupa sababu.

*Aliyepandikizwa figo, au anayetumia steroidi kwa muda mrefu.* Beta-glukani kwa ajili ya Pneumocystis na CrAg kwa pamoja, ila hasi ya beta-glukani hapa si ngumu kama ya mwenye VVU. Galaktomanani ya damu ikiwa hasi isikutulize. Hapa ndipo inafaa kupigania ule mpira wa kamera.

*Mwenye kisukari kilichopanda vibaya, au aliye kwenye vorikonazoli na bado CT inazidi kuwa mbaya.* Galaktomanani hasi na beta-glukani hasi ziongeze shaka ya Mucorales badala ya kuipunguza. PCR kama unaweza kuipata. Kama huwezi, kipande cha nyama kichukuliwe haraka.

*Ndugu wa mgonjwa.* Kabla ya kulipa, muulize daktari maswali mawili kwa adabu: jibu litarudi lini, na dawa ya mgonjwa wetu itabadilikaje likiwa hasi au chanya. Akiwa na majibu, lipeni.

*Sampuli lazima isafirishwe.* Chukua damu kabla ya kumtia kingamwili au albumini kwenye mshipa, itenganishwe seramu hapohapo, igandishwe. Kwenye fomu andika dawa za fangasi alizokwisha kupewa, kama yuko kwenye mashine ya figo, na kama amefanyiwa upasuaji wiki hiyo. Wakati sampuli iko njiani mgonjwa aendelee kutibiwa.